Vumbi la Ziwa kwenye Rafu ya Maombi

Alhamisi, saa sita kasorobo mchana, nilifungua friji ya nyumba ya wageni ya kanisa, hapa Lodwar, nikaona chupa moja haipo.

Hazikuwa chupa zangu. Zilikuwa za Nekesa, binti wa Bungoma anayesomea mambo ya maji, aliyekuwa kwetu chumba namba tatu tangu arudi kutoka ziwani. Kumi na moja zilikuwa za maabara, ngumu, zenye midomo mipana, zimefungwa ndani ya mfuko mweusi kwenye droo ya chini. Ya kumi na mbili ilikuwa chupa ya kawaida ya maji ya dukani, nusu lita, kwa sababu chupa yake halisi ilipasuka ndani ya boti kule Kalokol. Hiyo ya dukani ndiyo sikuiona.

"Akeno!" nikaita.

Akeno ni mpishi wetu. Tumezeeka pamoja katika jiko lile, ila mdomo wake umebaki kijana. Alitokea na mwiko mkononi.

"Nini, Mama Ebenyo? Unaita kama mbuzi amekanyagwa."

"Chupa iliyokuwa rafu ya juu iko wapi?"

"Ile ya maombi? Nimepea Adeng aende nayo. Si mtoto ndio ametoka hospitali?"

Nikaitazama tena rafu ya juu.

Rafu ya juu ni ya maji ya maombi. Kila Jumatano kina mama wa kikundi chetu huleta chupa, tunatia chumvi kidogo, tunayaombea, kisha yanakaa pale kungoja mgonjwa. Lodwar ni joto, na friji yenye maji baridi haina mwenyewe: mgeni atafungua, fundi atafungua, askari wa geti atafungua. Lakini rafu ya juu hakuna anayeigusa kwa sababu ya kiu. Kwa hiyo Nekesa aliponipa ile chupa ya dukani akaniambia, "Mama, hii iweke mahali mtu hawezi kuichukua," niliiweka rafu ya juu. Nilijiona nimefanya la busara. Tangu nifiwe na mume wangu, miaka tisa sasa, kazi yangu ni kuangalia: nani ameingia, nani ametoka, mlango gani haujafungwa. Sikuangalia kwamba rafu ile ndiyo ya kwanza kufikiwa na mkono wa huruma.

Adeng ni mama wa Sudan Kusini anayekaa kambini Kakuma. Alikuwa amelala kwetu siku tatu akimuuguza binti yake, Achol, mtoto wa miaka minne aliyekauka kwa kuharisha mpaka macho yakaingia ndani. Asubuhi hiyo hospitali ilimruhusu. Daktari alimwambia ampe mtoto maji kidogo kidogo, siku nzima, bila kuacha. Saa nne waliondoka na Landkruza ya kanisa, Ejore akiendesha. Mimi nilikuwa sokoni.

"Mama Ebenyo, kuna nini?" Akeno akauliza. "Kwani hiyo maji ilikuwa ya nani?"

Nilikimbia hadi chumba namba tatu, nikagonga kwa ngumi.

Nilijua kilichokuwa ndani ya chupa ile. Siku aliyozileta nilimuuliza anatunza nini kama mayai, naye akainua moja mbele ya dirisha. Chini kulikuwa na vumbi la kijani na kahawia, kama masalio ya chai. Akanieleza polepole, kama mtu anayemheshimu anayemsikiliza. Juu ya maji ya ziwa, na zaidi sana juu ya bahari, kuna vijimea vidogo ambavyo jicho halioni. Wasomi wanaviita planktoni. Vinakula mwanga wa jua, na vinachukua kaboni iliyotoka hewani, hiyo hiyo inayotoka kwenye moshi wa magari na wa makaa. Vidudu vidogo vinavila hivyo vijimea. Vinavyokufa, pamoja na kinyesi cha hao vidudu, vinashikana na kuwa vipande vyepesi kama majivu, vinazama mchana na usiku, mvua ndani ya maji. Baharini, sehemu ndogo tu hufika kilindini kabisa, lakini ikifika, kaboni ile inakaa huko mamia ya miaka bila kurudi hewani. Bila mvua hiyo, alisema, dunia ingekuwa na joto kuliko hili.

"Kuliko hili la Lodwar?"

"Kuliko hili, Mama."

Siku hiyo nilimshukuru Mungu kwa kazi aliyoificha chini ya maji bila kutaka sifa.

Baharini wenzake wanatundika mitego kwenye kamba ndefu. Yeye alitundika wake katika ziwa letu, faneli kubwa kama ya kumiminia mafuta ya taa, na chupa chini yake ya kudaka kinachoanguka. Kila chupa wiki mbili. Ila kuna vidudu vinavyoingia kula vumbi lile kabla hajaliona, kwa hiyo hutia ndani chumvi nyingi na dawa ya zebaki, kila kiingiacho kife na kisioze.

"Yaani sumu?"

"Mbaya, Mama. Haina harufu. Mtu akinywa, inamla tumbo, halafu figo."

Mlango ulifunguliwa. Nekesa alikuwa na kalamu mdomoni.

"Ile chupa ya dukani imechukuliwa," nikamwambia. "Imepewa mtoto mgonjwa. Iko njiani kwenda Kakuma tangu saa nne."

Kalamu ilianguka. Hakuuliza mara mbili. Alichukua simu na karatasi ya ile dawa, akatoka na viatu visivyofungwa, akimwita dereva wake: "Kamande! Washa gari! Washa sasa hivi!"

Simu ya Adeng ilikuwa imezimwa. Hata hospitalini alilalamika kwamba haina chaji. Ya Ejore ilisema hapatikani. Nilimwambia Akeno akae jikoni apige namba hizo mbili bila kupumzika.

"Mungu wangu, nimeua mtoto," Akeno akasema, mwiko bado uko mkononi.

"Piga simu," nikamwambia. "Kulia tutalia baadaye."

Tukatoka Lodwar. Kamande ni mtu wa Nyeri, mnene, mwenye kupenda mzaha, lakini siku hiyo alishika usukani kwa mikono miwili na hakuwasha redio. Nekesa alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na Biblia yangu ndogo ndani ya mkoba, sikuifungua. Niliomba macho yakiwa wazi, nikiangalia barabara, kama vile kuangalia kwangu kungeifupisha.

"Huyo mpishi," Nekesa akasema baada ya muda. "Nilisema hiyo chupa isiguswe. Nilisema! Mtu anawezaje tu kufungua friji akatoa kitu hajui?"

Ningeweza kunyamaza. Akeno hakuwepo kujitetea, na maneno yale yalikuwa yanapita pembeni yangu bila kunigusa.

"Akeno hakukosea," nikasema. "Aliitoa rafu ya maombi. Maji ya rafu ile ni ya kupewa wagonjwa. Mimi ndiye niliiweka huko."

Nekesa aligeuka akanitazama. Nilingoja anitukane, ana umri wa binti yangu, lakini ningepokea.

"Kwa nini, Mama?"

"Nilidhani hakuna mtu atathubutu."

Akarudisha uso mbele. Tulipita ngamia kumi hivi wamesimama kivulini. "Na mimi nilitia sumu kwenye chupa ya maji ya kunywa," akasema, sauti yake ikiwa chini. "Hilo ndilo jambo tunalokatazwa siku ya kwanza ya masomo. Hata karatasi sikubandika. Nilisema nitabandika Lodwar."

"Basi humu ndani msafi ni mimi na gari," Kamande akasema. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mvua za mwezi uliopita zilikuwa zimekata barabara mahali pawili. Lami inaisha ghafla, gari linateremka kwenye mchanga wa laga, mto usio na maji, linapanda mawe, ndipo linarudi barabarani. Kwenye laga ya kwanza tulirushwa mpaka kichwa changu kikagonga paa. Hapo ndipo wazo lilinijia.

"Nekesa, chupa ikitikiswa hivi, maji yatachafuka?"

"Yatakuwa kama tope jembamba. Kwa nini?"

"Adeng amelelewa maji ya kuchimba mchangani, kama mimi. Hawezi kumpa mtoto maji yenye vumbi. Atayaacha yatulie kwanza, ndipo ampe ya juu."

Alikaa wima. "Sumu haitulii, Mama. Hata maji yakiwa meupe kabisa, yenyewe imo."

"Najua. Nauliza yatatulia kwa muda gani."

Akafikiri, vidole vikihesabu hewani. "Vile vipande vikiwa vizima, kwenye chupa, dakika chache tu. Vimeshikana, ni vizito kidogo. Lakini vikivunjwa vinakuwa unga, na ule unga unaelea. Chembe moja peke yake baharini inaweza kukaa majuma na majuma bila kufika chini. Ndiyo maana kushikana ni muhimu, ndiko kunazifanya zizame." Akahesabu tena. "Kama zimevunjika vizuri, saa nyingi. Pengine hata kesho."

"Basi tuombe Ejore ameendesha vibaya," Kamande akasema.

"Ejore?" nikasema. "Huyo anaendesha kama anafukuzwa na nyuki."

Nilimshukuru Mungu kwa uendeshaji wa Ejore, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Lakini nikakumbuka kitu kingine, nikakimeza. Mama asiyekuwa na saa ya kungoja huchukua nguo safi akachuja. Vumbi hubaki kwenye nguo. Sumu hupita.

Laga ya pili ilikuwa na lori lililozama mchangani katikati. Wanaume walikuwa wanachimba magurudumu kwa mikono. Kamande alishuka, akarudi anakimbia.

"Wanasema nusu saa."

"Hatuna nusu saa," Nekesa akasema.

"Najua, siste. Shikeni."

Aligeuza gari nje ya njia, akapita juu ya kokoto na miba ambapo hata punda angefikiri kwanza. Kitu kilikwaruza chini ya gari kwa kelele ndefu. Upande wangu uliinuka, nikaona mchanga dirishani badala ya mbingu. Kisha tukaanguka upande wa pili, magurudumu yakashika. Nyuma yetu wanaume wa lori walipiga mbinja.

Simu yangu ililia milima ya Pelekech ilipoanza kuonekana mbele. Alikuwa Ejore.

"Mama Ebenyo, ejok? Akeno ananipigia analia, sielewi kitu."

"Adeng yuko wapi?"

"Nimemshukisha Kakuma Moja. Saa moja imepita, hivi."

"Mtoto alikunywa maji njiani?"

"Alilia maji, ndiyo. Nikampa yangu. Mama yake alikataa kufungua ile chupa yake, ati ni ya maombi, ati mpaka afike nyumbani aombe kwanza. Ameikumbatia safari yote kama mtoto wa pili. Kwani kuna nini?"

"Rudi kwake sasa hivi, mwambie asifungue."

"Niko mbali, Mama, nimeshapita Kalobeyei. Nageuza."

Simu ikakatika. Saa moja. Nilimwambia Nekesa, naye akafunika uso kwa mikono, kisha akaitoa, akaanza kufunga viatu vyake.

Tulivuka laga ya Tarach, tukapita soko la Kakuma, Kamande akipiga honi mfululizo mpaka mbuzi na pikipiki zikampisha. Nyumba za kambi ni za matofali ya udongo na mabati, safu kwa safu, na ua wa miba. Nilishafika kwa Adeng mara moja, wakati wa ibada. Nilikumbuka bomba la maji, kisha mzee anayeshona viatu kwenye kona. Nilishuka gari halijasimama sawasawa.

Mzee wa viatu alikuwepo. Bol ndiyo jina lake. Alitoa sindano mdomoni.

"Mama wa kanisa la Lodwar anakimbia! Leo Yesu amerudi ama?"

"Adeng yuko nyumbani?"

"Yuko. Mtoto amepona, tumeona. Mbona..."

Sikungoja. Juu ya ua wa miba wa Adeng kulikuwa na kitambaa cheupe kimeanikwa, bado kimelowa. Katikati yake palikuwa na doa la kijani na kahawia, duara kamili, kama limepakwa. Nekesa alikuwa nyuma yangu. Alisimama ghafla. Alilijua lile doa kabla yangu: wiki mbili za ziwa, zimebaki juu ya kitambaa.

"Ameshachuja," akasema.

Adeng alitoka mlangoni akitabasamu, mrefu, kilemba kichwani. "Mama! Umenifuata? Mimi nimesahau kitu kwako?"

"Achol yuko wapi?"

"Amelala ndani. Alilala kwa gari, bado analala. Mama, nini?"

Nilimpita. Ndani kulikuwa na joto na giza kidogo. Achol alikuwa amelala juu ya mkeka, mdomo wazi, anapumua. Karibu na kichwa chake kulikuwa na kikombe cha bati kimefunikwa na kisahani. Kando yake ile chupa. Nilipiga magoti nikaweka mkono juu ya kifua cha mtoto. Ngozi ilikuwa na unyevu, midomo mikavu.

"Umempa maji ya chupa hii?"

"Bado. Ilikuwa chafu, nikaacha itulie, haitulii. Nikachuja na kitambaa. Nangoja aamke tuombe, ndio nimpe."

"Hata kijiko kimoja?"

"Hata kidogo, Mama. Mungu anaona."

Nekesa aliegemea mlango, akakaa chini kwenye vumbi akicheka na kulia. Kamande alivua kofia. Nikamweleza Adeng kwa maneno mafupi: si maji ya maombi, ni maji ya utafiti, yana sumu, kosa ni langu. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni. Kisha akamchukua Achol kutoka kwenye mkeka, akamkumbatia mpaka mtoto akaamka akilia.

Nekesa alichukua chupa akakaza kifuniko. "Asante Mungu," alikuwa anasema. "Twende tukamwage hii vizuri. Twende, Mama."

Ningesimama tuondoke. Lakini nilikuwa ninatazama kikombe. Niliondoa kisahani. Kikombe kile kinachukua nusu ya chupa kama ile. Nina vya namna hiyo jikoni, ninavipima kila siku kwa uji. Kilikuwa hakijajaa. Na chupa mkononi mwa Nekesa ilikuwa chini ya nusu. Ukichukua kilichobaki huku na kilichobaki kule, bado kulikuwa na maji mahali pengine. Kwenye ukingo wa kikombe palikuwa na alama ya mdomo.

"Adeng," nikasema, "nani amekunywa hapa?"

"Hakuna mtu."

"Maji hayatoshi."

"Yamemwagika nikichuja."

"Yalimwagika wapi? Sakafu ni kavu."

Alimgeuza Achol bega la pili. Kina mama wawili na Bol walikuwa wamekuja mlangoni, na mmoja wao akasema kwa sauti, ili kila mtu asikie: "Kwani Waturkana wametuletea sumu sasa? Kwa jina la kanisa?"

Maneno kama hayo yakitoka kwenye ua mmoja yanafika ua wa mwisho kabla ya jua kutua, na kuna watu pande zote mbili, wenyeji na wakimbizi, wanaoyangojea. Niligeuka nikawakabili.

"Ndiyo," nikasema. "Imetoka mkononi mwangu. Mimi ni Mama Ebenyo, wa nyumba ya wageni ya kanisa Lodwar. Mkitaka kunishika, nipo. Lakini kwanza nisaidieni kumuuliza Adeng, kwa sababu kuna aliyekunywa na anaficha."

Bol alisema kitu kwa Kidinka, pole pole, bila mzaha wake. Adeng akatazama chini.

"Mimi," akasema.

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Adeng."

"Mdomo mbili. Tatu." Machozi yalianza kumtoka. "Malesh, nisamehe, Mama. Ilikuwa ya mtoto, mimi najua. Ilikuwa ya mgonjwa. Siku tatu sikulala, nikasema na mimi nipate kidogo, Mungu atanipa nguvu. Nikaona haya. Mtu gani anakunywa maombi ya mtoto wake?"

"Umesikia nini ulipokunywa?"

"Chumvi. Na kama chuma kwa ulimi. Nikasema ni nguvu ya maombi." Akashika tumbo. "Sasa inachoma. Lakini kidogo tu."

Mama mmoja alikuwa ameshaingia, amemshika kichwa, anataka kumtia vidole kooni. "Hapana!" Nekesa akapiga kelele, akikunjua ile karatasi. "Asitapishwe! Ikirudi inachoma mara ya pili! Asukutue mdomo, atemee nje, kwa gari, twende!" Kamande alimbeba Achol, mimi na Bol tukamshika Adeng huku na huku. Alikuwa anaweza kutembea. Alikuwa anaona haya ya kushikwa.

Zahanati ya kambi ilimpokea papo hapo kwa sababu Nekesa aliingia akiwa ameinua chupa juu na karatasi juu, akitaja jina la sumu hata kabla ya salamu. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kutolala. Aliisoma karatasi mara mbili, akapiga simu mjini kwa mkubwa wake, akaandika, akapiga tena. Walimwekea Adeng dripu. Jioni alitapika mwenyewe, na kulikuwa na damu. Walisema kuna dawa ya kufuata ile zebaki mwilini, hawana, itakuja na ndege ya asubuhi.

"Tumbo nitalituliza," daktari akatuambia nje. "Ninachoogopa ni figo. Zikifunga, hatuna mashine hapa, na sijui kama atavumilia safari. Kitu cha kuangalia ni kimoja. Mkojo. Tangu afike hajakojoa. Akikojoa, tutapumua."

Nekesa alikaa kwenye benchi na ile chupa ndani ya mfuko miguuni. Daktari alikuwa ameshatoa kidogo ya kupima. "Ulitaka kujua ni kiasi gani kinachoanguka," nikamwambia, ili aseme kitu.

"Sitaki kujua," akasema. "Wacha hizo wiki mbili zipotee."

Nilikaa kando ya kitanda cha Adeng tangu jioni mpaka kukacha. Achol alilala kwa jirani, akinywa maji ya bomba na kuamka vizuri, Bol alileta habari. Adeng hakutaka kuniangalia. Alilala akiangalia ukuta. Sikumwomba anisamehe, kwa sababu mgonjwa hapaswi kubebeshwa kazi ya aliye mzima. Nilishika beseni tupu mapajani na kuomba neno moja tu, bila kumwahidi Mungu chochote. Kila saa muuguzi alikuja, akatazama beseni, akaandika sifuri. Nilihesabu hizo sifuri. Zilifika kumi na mbili.

Asubuhi uso wa Adeng ulikuwa umevimba kidogo kwenye macho. Daktari aliona, mimi nikamwona akiona. Ndege ya dawa ilikuwa bado iko Lokichoggio. Nje ya dirisha kina mama wa mtaa wao walikuwa wamekaa kivulini na Bol katikati, na kila muuguzi akipita Bol aliuliza kwa sauti ya mkutano: "Amekojoa?"

"Bado, mzee."

"Mpeni chai! Chai inasukuma!"

"Mzee, nyamaza."

Saa tatu na robo Adeng aligeuka kutoka ukutani. Alikuwa ananiangalia kwa mara ya kwanza.

"Mama."

"Niko hapa."

"Huyo Bol anauliza nini huko nje?"

"Unasikia mwenyewe."

"Mwambie anyamaze. Anaita kila mtu asikie, mimi nitafanya aje hivyo?" Akauma midomo. "Funga dirisha. Na wewe usiniangalie."

Nilifunga dirisha. Nilimsaidia kukaa, dripu ikining'inia, nikashikilia beseni chini yake na kugeuza uso mlangoni. Tulikaa hivyo. Muda ulipita mpaka mikono yangu ikauma, na sikuisogeza. Kisha nikasikia tone. Likanyamaza. Halafu mengine, yakifuatana, membamba, yakigonga bati, hayakuacha haraka.

Adeng aliegemeza kichwa chake begani mwangu, mzito, kama mtoto aliyechoka.

Mkojo ulikuwa wa rangi nzito, haukufika hata nusu ya beseni. Muuguzi alitaka kulipokea. Nikamwambia hapana, nitalipeleka mwenyewe. Chumba cha daktari kiko upande wa pili wa uwanja. Nilitoka mlango wa mbele, nikapita katikati ya Bol na kina mama wote waliosimama, na sikulifunika.